Akija Siku ya Kazi

Septemba 2025 magrupu ya WhatsApp hayakupumzika. Mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alikuwa amesema kwamba unyakuo ungetokea tarehe 23 au 24 ya mwezi ule, na maneno yake yakasambaa kuanzia TikTok hadi kwenye magrupu ya kwaya, ya ukoo na ya wazazi wa shule. Wapo waliojitokeza mitandaoni wakisema wameacha kazi, wengine wameuza magari. Tarehe 25 ikafika. Jua likatoka, makondakta wakaanza kuita abiria, watoto wakaenda shule.

Sitaki kumcheka mtu. Anayemngoja Kristo kwa tarehe isiyo sahihi bado ana kitu ambacho wengi wetu kimetuponyoka: anaamini kweli kwamba anakuja. Sisi wengine tunaikiri habari hiyo kila Jumapili kwa sauti moja, kisha tunatoka nje tukibishana kilo ya nyama imefika shilingi ngapi. Majilio yanaingia na kutoka, Jumapili nne ambazo kanisa limezitenga ili tuukumbuke ujio wake, na sisi tumeyageuza kuwa msimu wa kuwahi tiketi za basi za Krismasi.

Makala hii haina tarehe ya kukupa. Ina ushauri, na ushauri wenyewe umesimama juu ya jambo moja ambalo nalisema mapema ili usilitafute huko mbele: aliye tayari ni yule ambaye mambo yake na Mungu yametengemaa hadi watu anaoishi nao wameyaona. Ukitaka kujipima, usianze kwa kutazama mawingu. Anza kwa kujiuliza ni nani mwenye neno nawe.

Tafuta jioni moja tulivu usome Mathayo sura ya 24 na ya 25 kwa mkao mmoja, bila video na bila mhubiri pembeni. Wengi tunazijua sura hizi kwa vipande: kipande cha vita na njaa kwenye mkutano wa injili, kipande cha talanta siku ya harambee. Ukizisoma mfululizo utaona jambo la ajabu. Wanafunzi wako Mlima wa Mizeituni, wanauliza itakuwa lini na dalili ni ipi. Yesu anawataja manabii wa uongo, vita, njaa na matetemeko, lakini papo hapo anawatuliza: hayo ni mwanzo tu wa uchungu. Siku yenyewe, anasema, hata malaika hawaijui. Kuanzia hapo anaacha habari za ishara na kuingia kwenye hadithi, na hadithi zote ni za nyumbani na kazini. Mwenye nyumba na mwizi. Mtumwa aliyewekwa juu ya nyumba ya bwana wake. Wasichana kumi wa arusini. Watumishi na fedha za bwana wao. Mwisho wake, mfalme anayetenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi.

Mtazame huyo mtumwa wa nyumbani. Kazi aliyopewa si ya kukesha dirishani akitazama barabara. Amepewa kazi ya kuwagawia wenzake chakula kwa wakati wake. Siku anapojiambia kwamba bwana wake anachelewa, kinachoharibika kwanza si sala yake. Anaanza kuwapiga wenzake, ndipo anapokwenda kula na kunywa na walevi. Hapo ndipo penye kipimo. Imani ya ujio wa Bwana inapopoa ndani ya mtu, wa kwanza kuhisi baridi hiyo ni walio chini yake: mke, watoto, dada wa kazi, kibarua wa shambani, mhudumu wa chini ofisini.

Wasichana kumi nao wana lao. Tumezoea kuhubiriwa kwamba watano walikesha na watano walilala. Soma tena: wote kumi walisinzia, wenye busara pamoja na wapumbavu. Bwana arusi hakumlaumu yeyote kwa usingizi. Waliojipanga kwa muda mrefu walilala bila hofu, kwa sababu mafuta ya akiba yalikuwa kwenye chombo. Huu ni ushauri mzuri kwa Mkristo anayeamka saa tisa usiku moyo ukimdunda kwa sababu ya video aliyoitazama kitandani. Lala. Shughulika na akiba ya mafuta mchana.

Na mafuta yale hayaazimwi. Nalisema hili hasa kwa wanaume wenzangu. Ni wengi mno tunaosema, kwa fahari fulani hivi, kwamba mama watoto ndiye mtu wa kanisani. Yeye ndiye anayekwenda jumuiya, anayefunga Kwaresima, anayejua jina la mchungaji mpya. Sisi tunatoa nauli na sadaka, tunabaki kusafisha gari. Hadithi ile inasema wazi kwamba mlango ulipofungwa, hakuna aliyeingia kwa mafuta ya mwenzake.

Hadithi ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, maana pande zote mbili zinashangaa. Waliomlisha mwenye njaa hawakumbuki kumlisha mfalme, na waliompita mgonjwa hawakumbuki kumpita yeye. Wote walikuwa kwenye siku za kawaida, za sokoni na hospitalini na gerezani. Hakuna aliyejua kwamba siku ile ndiyo ilikuwa inaandikwa.

Sasa niseme kidogo juu ya tarehe, kwa sababu nyingine itakuja; huwa hazikomi. Mkulima na mhubiri wa Kibaptisti huko Marekani, William Miller, alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli na kuwaambia watu kwamba Kristo angerudi kati ya 1843 na 1844. Baadaye wafuasi wake wakashika siku moja, 22 Oktoba 1844. Wapo wakulima walioacha viazi shambani bila kuvuna. Usiku ulipita, na asubuhi watu walilia kama waliofiwa. Mwaka 2011 mtangazaji wa redio wa Marekani, Harold Camping, alitaja 21 Mei. Ilipopita akataja 21 Oktoba. Mwaka uliofuata akakiri hadharani kwamba alikosea.

Lakini kuna upande wa habari ya 1844 ambao hausimuliwi sana. Sehemu ya wale waliovunjika moyo walirudi kwenye Biblia, wakaachana na kutaja tarehe, na mwaka 1863 wakaunda Kanisa la Waadventista Wasabato. Mwaka 1903 wamisionari wao walifika Giti, milima ya Upare, na 1906 wengine wakaanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay upande wa Kenya. Huko kote walijenga shule na zahanati. Si lazima ukubaliane nao juu ya Sabato ili uone jambo hili: watu ambao jina lao wenyewe linatangaza kwamba Bwana yu karibu, walichimba misingi ya majengo ambayo wajukuu wa wajukuu wanayatumia. Anayemngoja Bwana vizuri haachi viazi ardhini.

Upande wetu pia tuna habari zetu, nazo ni za kutisha. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kikundi kilichojiita cha kurejesha Amri Kumi za Mungu kiliwaambia waumini kwamba dunia ingefika mwisho 31 Desemba 1999. Watu waliuza mali zao na kukabidhi fedha. Mwaka mpya ulipoingia bila tukio lolote, maswali yakaanza. Tarehe 17 Machi 2000 jengo la ibada liliteketea likiwa na watu ndani, madirisha na milango imepigiliwa misumari. Waliokufa ni mamia. Miaka 23 baadaye, Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mahali ambapo wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikuwa wamehamia. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na miongoni mwa maiti watoto walikuwa wengi. Upande wa mashtaka ulisema waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie na wenzake walikana mashtaka.

Nimezitaja habari hizi kwa sababu ushauri wa kwanza wa vitendo ni wa kujilinda, na haupaswi kusemwa kwa upole. Mhubiri anayekwambia dunia inaisha halafu anataka hati ya kiwanja chako, muulize ataipeleka wapi. Anayekuambia uache dawa za kisukari, za presha au za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa sababu Bwana yu karibu, mwache yeye, endelea na dawa. Anayewatoa watoto shule, anayekataza watu kwenda hospitali, anayekutenga na wazazi wako na ndugu zako kwa kisingizio kwamba ni wa dunia, anayeamuru mfungo usio na siku ya kufungua: ondoka hapo, na ukiondoka usiondoke peke yako, waondoe na watoto. Yesu mwenyewe alifunga nyikani, na mfungo ulipokwisha aliona njaa, akahudumiwa. Kama kuna jirani amehama ghafla na familia nzima kwenda msituni kumngoja Bwana, hiyo ni habari ya mjumbe wa nyumba kumi na ya polisi. Usiishie kuiweka kwenye maombi ya jumuiya.

Hapohapo niseme juu ya alama ya mnyama. Kenya ilipoanzisha Huduma Namba mwaka 2019, palitokea wahubiri waliosema ndiyo ile 666. Corona ilipokuja, ikawa chanjo. Kila miaka michache namba hiyo inahamia kwenye kitu kipya. Kitabu cha Ufunuo, chenye habari ya alama hiyo, kiliandikwa kwa makanisa saba halisi, kuanzia Efeso hadi Laodikia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Soma sura ya 2 na ya 3 uone makanisa yale yanalaumiwa kwa nini. Efeso limeacha upendo wa mwanzo. Sardi lina jina la kuwa hai kumbe limekufa. Laodikia ni vuguvugu, limeshiba, linadhani halihitaji kitu. Hakuna kanisa linalolaumiwa kwa kushindwa kukokotoa hesabu. Mtu anaweza kukataa kila kadi na kila sindano, na bado akawa Laodikia mtupu.

Basi, mambo ya nyumbani. Ninaanza na deni kwa makusudi, kwa sababu deni halidanganyiki.

Miaka ya 1930 uliibuka Uamsho wa Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Bukoba. Wazee wetu wengi wa kanisa walilelewa humo. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, alikuwa mtu wa Uamsho. Alama yao ilikuwa kukiri dhambi mbele ya wenzao na kurudisha vya watu. Wasimamizi walirudisha vifaa vya mwajiri, wanaume walirudi kwa majirani na jembe lililopotea miaka mingi. Mzee mmoja wa huko Kagera, ambaye sasa ni marehemu, alinisimulia yake. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, na kila gunia la kahawa lililopita mikononi mwake lilipungua kidogo kwenye daftari. Alipookoka aliuza ng'ombe, akatia fedha kwenye kopo la majani ya chai, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya mjane mmoja alikataliwa. "Karani," mama yule akamwambia akiendelea kupeta maharage, "hela utaniachia hapo kwenye mkeka ukipenda. Mimi nilichokuwa nakudai ni kunisalimia. Miaka yote ile ulikuwa unanipita njiani kama mti." Mzee alisema alikaa pale hadi jioni, wakala maharage yaleyale, na kwamba kurudisha fedha kulikuwa rahisi kuliko kukaa.

Hiyo ndiyo toba ninayoizungumzia. Zakayo naye hakuishia kulia. Alitaja kiasi, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Toba isiyo na kiasi wala jina la mtu huwa ni nyepesi mno. Chukua karatasi, uandike madeni unayodaiwa: la dukani, la kikoba, la mwenzako wa ofisini uliyemwambia utamrudishia mwisho wa mwezi, na ni mwezi gani hukumbuki. Kama huwezi kulipa lote, nenda useme, kisha ulipe kidogo kidogo. Mdaiwa anayejitokeza ana amani kuliko anayezunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya duka. Na kama wewe ndiye unayedai, na mdaiwa wako ni mgonjwa au kafiwa, unajua la kufanya.

Linalofuata ni zito zaidi, nami nitalikalia kidogo. Yakobo sura ya 5 inazungumza juu ya mishahara ya vibarua iliyozuiliwa, kwamba inapiga kelele hadi mbinguni, na mistari michache baadaye inawaambia waumini wavumilie hadi kuja kwake Bwana. Mambo haya mawili yamewekwa jirani. Nasi tuna nyumba ambazo sala za familia hufanyika kila jioni saa mbili, mlango umefungwa, na msichana wa kazi yuko jikoni anaosha vyombo kwa sababu hakuna aliyemwita. Mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa. Ameambiwa unatunzwa. Anakula baada ya wote, sahani yake ni ya plastiki, na ameamka saa kumi na moja kuandaa watoto wa shule. Kama Bwana angeingia nyumba hiyo jioni hiyo, naamini angepitia mlango wa jikoni. Mlipe mshahara wote leo. Mwite kwenye sala. Muulize kama ana mtu wa kumpigia huko kwao, umpe simu. Ukishafanya hayo, rudi tuongee habari za parapanda.

Ugomvi wa ndugu nao hauwezi kurukwa. Mathayo 5 inataka uiache sadaka yako madhabahuni, ukapatane kwanza. Katika koo zetu ugomvi mwingi ni wa viwanja na mirathi, na unarithiwa pamoja na hivyo viwanja. Si kila ugomvi utakwisha kwa ziara moja. Pengine ndugu yako atakufungia mlango. Sehemu yako ni kwenda, na kwenda bila mwanasheria na bila shangazi wa upande wako. Lakini pia kuna msamaha ambao haulazimishi kurudi: mwanamke aliyepigwa na mumewe hadi akavunjwa mkono anaweza kumsamehe akiwa kwa wazazi wake, salama, na kesi ikiwa mahakamani. Asiwepo mzee wa kanisa atakayetumia ujio wa Bwana kumrudisha kwenye kipigo.

Siri zetu nyingi siku hizi ziko kwenye simu. Sina mengi ya kusema hapo. Namba uliyoihifadhi kwa jina la fundi bomba, na si fundi bomba, ifute, na kabla ya kuifuta mwambie mwenye namba kwamba imekwisha. Kisha tafuta mtu mmoja wa kumwambia: padri kwenye kitubio kama u Mkatoliki, mchungaji, au mzee mwenye kifua. Dhambi iliyosemwa mbele ya mtu mmoja anayeaminika hupungua nguvu. Inayofichwa kwa maombi ya machozi peke yake mara nyingi hurudi.

Juu ya sala, ushauri wangu ni mdogo kuliko unaotolewa kwenye mikesha. Wengi huahidi kusali kwa saa tatu kila usiku, wakadumu wiki moja, kisha wakaacha kabisa kwa aibu. Ni kama mwanafunzi anayetaka kumaliza vitabu vyote usiku wa kuamkia mtihani. Anza na robo saa ya asubuhi kabla hujagusa simu: zaburi moja, kipande cha injili, majina ya watu watano. Usiku, taa ikishazimwa, pitia siku yako tangu asubuhi na umuulize Mungu leo ulimuumiza nani na ulimpita nani. Ukimpata, kesho una kazi. Ibada ya Jumapili na Meza ya Bwana usizikose; Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kila wanaposhiriki mkate na kikombe wanaitangaza mauti ya Bwana mpaka atakapokuja. Ukiikosa meza hiyo miezi sita, umejiondoa mwenyewe mahali pa kumngojea.

Watoto wanahitaji uangalifu. Kuna watoto waliotazama filamu za mwisho wa dunia wakiwa na miaka sita, na sasa wakiamka asubuhi wakakuta mama hayupo, katoka tu kwenda kisimani, wanapiga yowe wakidhani kanyakuliwa wao wameachwa. Hofu ya namna hiyo haizai imani. Huzaa mtu mzima anayekwepa kanisa. Mwambie mtoto kwanza ni nani anayekuja, yule aliyewabeba watoto na kuwabariki. Habari za moto zitamkuta njiani akishakuwa mkubwa, naye atakuwa anajua yuko upande wa nani.

Kazi usiache. Barua za Paulo kwa Wathesalonike, zilizoandikwa karibu mwaka 50, zilikwenda kwa watu wa mji wa bandari waliokuwa wameshikwa sana na habari za ujio. Katika ya kwanza anawataka waishi kwa utulivu na kufanya kazi kwa mikono yao, na mara tu baada ya hapo anaanza kueleza jinsi Bwana atakavyoshuka. Katika ya pili anakuwa mkali: kuna watu wasiofanya kazi, wanazurura na kujiingiza katika mambo ya wengine, nao wasilishwe bure. Kwa hiyo palilia mahindi. Msomeshe mtoto hata kama una hakika kwamba Bwana hatachelewa. Andika wosia. Hapa Tanzania RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia wa mtu yeyote anayetaka, na ni watu wachache mno wanaokwenda, kwa kuogopa kujiitia kifo. Tunadai tuko tayari kwa kiyama huku tunaogopa karatasi moja! Wosia ulio wazi unawaokoa wajane wengi kuliko hotuba za msibani.

Pengine utaniambia kwamba haya yote ni maadili tu, hata asiyeamini anaweza kulipa madeni. Kweli, anaweza. Lakini tofauti ipo, na huonekana pale malipo yanapouma. Mtu wa maadili ana haki ya kupiga hesabu: nikikiri nitafukuzwa kazi, nikirudisha kiwanja watoto wangu watapungukiwa. Anayemngoja Kristo anapiga hesabu hiyohiyo, kisha anaongeza jina moja ambalo hubadilisha jibu. Anaamini kwamba yule anayekuja kumhukumu ndiye aliyemfia, kwa hiyo hana la kumficha, wala hana haja ya kusubiri awe msafi kwanza ndipo amkaribie. Ndiyo maana wale wa Uamsho walikuwa wakikiri na kuimba papo hapo. Bila neema hiyo, karatasi ya madeni niliyokuambia uiandike itakuponda.

Na kama amekawia, Petro katika waraka wake wa pili anasema kukawia huko ni uvumilivu, ili watu wapate nafasi ya kutubu. Kila asubuhi inayopambazuka bila parapanda ni nafasi ya mtu fulani, na inawezekana mtu huyo ni yule uliyegombana naye.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujalala, chagua jina moja kwenye ile karatasi. Moja tu. Kama ni mfanyakazi, mtumie hela yake. Kama ni mdai, mwandikie kwamba Jumamosi utakwenda kwake. Kama ni ndugu mliyekosana naye, mpigie. Asipopokea, piga tena kesho.